Kipi kitengenezwe, kipi kiagwe, na kipi kisingenunuliwa tangu mwanzo?

Kabati_la_Ngazi aliuliza:

Ndugu zangu, naomba mawazo yenu kuhusu jambo ambalo limenisumbua kwa muda sasa. Wiki mbili zilizopita nilifungua kabati lililo chini ya ngazi nikitafuta ufagio, nikagundua kwamba nimejiwekea makaburi: feni ya mezani inayovuma bila kuzunguka, birika la umeme lisilochemsha, kiti kinachoyumba, begi ambalo zipu yake hufunga mbele na kuachia nyuma, pamoja na blenda ambayo mota yake inalia lakini kisu hakigeuki. Vyote nilivihifadhi kwa nia njema ya kuvitengeneza, na vyote, isipokuwa kiti, nimekwisha kuvinunulia vingine. Kwa hiyo nina taka ambazo hazijafika jalalani, na nina vitu vipya ambavyo bila shaka vitakuja kuungana nazo.

Birika nililipeleka kwa fundi, naye akaniambia kwa uungwana kwamba gharama ya kulifungua ingekaribia bei ya jipya. Nilirudi nalo nyumbani na, badala ya kuamua lolote, nikalirudisha kabatini. Hapo ndipo ninapokwama kila mara: sijui mpaka uko wapi kati ya kitu kinachostahili kutengenezwa na kitu kinachostahili kuagwa, wala sijui ni kazi zipi mtu asiye fundi anaweza kujaribu bila kujihatarisha. Ningependa pia kujua ni nini cha kutazama wakati wa kununua, ili kabati hili lisijae tena. Na mnisamehe kwa swali la kitoto: je, ni kweli kwamba vitu hutengenezwa makusudi ili viharibike?

---

Fundi_Bisibisi alijibu:

Nianze na feni, kwa maana umeieleza vizuri kiasi cha mtu kuitibu akiwa mbali. Feni inayovuma bila kuzunguka ni feni ambayo umeme unaifikia, na mota yake kwa uwezekano mkubwa ingali nzima. Inachokosa ni ama nguvu ya kuanza au nafasi ya kuzunguka. Chomoa plagi ukutani, kisha sukuma mapanga yake kwa kidole kimoja. Yakizunguka kwa wepesi na kuendelea hata baada ya kuondoa kidole, mshukiwa ni kapasita, yaani kile kijidude chenye nyaya mbili kinachokaa karibu na mota na kuchelewesha kidogo mkondo wa koili moja dhidi ya nyingine, ili mota ijue ielekee upande gani. Yakisimama papo hapo kana kwamba yameshikwa, basi bushi, yaani vile vipete vinavyoshikilia shafti (mhimili wa mota), zimekauka, na kapasita haina kosa. Wako wanaofanya jaribio hili feni ikiwa imewashwa, kwa kuisukuma kwa kijiti. Mimi sikushauri, nimeona vidole vilivyolipia.

Feni nyingi zinazonifikia zina kosa hilo la pili, nalo ni la aibu kwa udogo wake. Ondoa wavu wa mbele, kisha fungua nati iliyoshika mapanga. Katika feni nyingi za mezani nati hiyo hufunguka kwa kuizungusha upande wa kulia, kinyume cha mazoea, na wengi huivunja kwa kutolijua hilo. Nyuma ya mapanga utakuta nywele na nyuzi za vumbi zimejiviringisha kwenye shafti kama uzi kwenye kibiringo, zimenyonya mafuta yote na kugeuka tope kavu. Zitoe kwa kijiti au kibanio kidogo, moja baada ya nyingine. Kisha dondosha matone mawili ya mafuta mepesi ya cherehani pale shafti inapoingia kwenye bushi, mbele na nyuma, uizungushe kwa mkono mpaka uhisi inalegea, na uiache kwa saa kadhaa. Usitumie mafuta ya kupikia, kwa sababu hukaa muda mfupi kisha huganda na kuwa kama gundi, na hapo utakuwa umeiua feni kwa mkono wako mwenyewe.

Ikiwa ni kapasita, soma nambari zilizoandikwa ubavuni. Maikrofaradi (µF), yaani kipimo cha uwezo wa kapasita, za mpya ziwe zilezile, na volti zake zisipungue zile za zamani. Zikizidi, hakuna tatizo.

Blenda yako nayo ina matumaini. Ondoa jagi lake, utazame juu ya mota kile kipande cha mpira au plastiki chenye meno kinachounganisha mota na kisu. Kipande hicho kimewekwa laini kwa makusudi, ili kisu kikikwama, mpira ndio uchakae na mota ipone. Meno yakiisha, mota hulia peke yake na kisu hakisogei, kama ulivyoeleza. Ni kipuri cha kuweka kwa mkono, na mara nyingi kisichohitaji zaidi ya bisibisi moja.

Birika ni habari nyingine, na fundi wako hakukudanganya. Katika mengi ya siku hizi kinu cha kuchemshia kimeunganishwa moja kwa moja na bamba la chini, na kitako kimefungwa kwa namna ambayo, ukikishafungua, huwezi kuwa na hakika kwamba maji hayatapenya tena. Maji na umeme vikikutana mahali palipofungwa nusunusu, mimi sitii mkono. Kama lilikuwa na gamba jeupe la chokaa sakafuni, jua kwamba hilo ndilo lililochosha kinu, kwa sababu joto hushindwa kupita kwenda kwenye maji na kubaki chini. Jipya lichemshie siki iliyochanganywa na maji kila gamba linapoanza kuonekana, kisha lisuuze vizuri.

Kuhusu hatari, yapo ambayo nakuomba usiyaguse kabisa. Tanuri la maikrowevu lina kapasita inayoweza kubaki na volti zaidi ya 2,000 hata baada ya plagi kuchomolewa. Friji nyingi za sasa hutumia gesi ya R600a, ambayo inashika moto, kwa hiyo kubadilisha mpira wa mlango au kupangusa vumbi la nyavu za nyuma ni kazi yako, lakini mabomba ya gesi si yako. Na betri ya simu iliyovimba haitobolewi, haibanwi wala haitupwi pamoja na taka nyingine.

---

Sindano_na_Uzi alijibu:

Fundi amemaliza ya umeme, mimi nitashika begi. Zipu inayofunga mbele na kuachia nyuma haijafa. Meno yake ni mazima, ila kile kitelezi kimepanuka kwa kuvutwa miaka yote na hakibani tena. Kirudishe mpaka mwanzo wa zipu, uchukue koleo, ukibane taratibu upande mmoja kisha upande wa pili, kidogo sana, halafu ujaribu. Ukibana kwa pupa, kitelezi hupasuka na kazi inakuwa kubwa. Baada ya hapo sugua meno kwa kipande kikavu cha sabuni au ncha ya penseli, na zipu itateleza kama mpya.

Watu wengi niliowashonea huleta nguo wakiwa wamechelewa. Kitambaa hakichaniki ghafla: kwanza hupauka, kisha ukikielekeza kwenye mwanga unaona nyuzi za upande mmoja zimebaki peke yake, na wiki chache baadaye goti linatoka nje. Huu ndio ufa unaosemwa kwamba usipouziba utajenga ukuta. Kiraka kinachowekwa kwa ndani wakati kitambaa kimepauka tu hakionekani kabisa, ilhali kile kinachosubiri tundu kitaonekana upende usipende. Kingo zake zifike kwenye kitambaa kilicho imara, kwa maana kiraka kilichoshonewa kwenye sehemu iliyochoka huondoka na kipande kingine. Na usitumie uzi wenye nguvu kuliko nguo yenyewe; siku ya mvutano, uzi utabaki na nguo itapasuka kandokando yake.

Umezungumzia gharama ya fundi. Tarehe 18 Oktoba 2009, mjini Amsterdam, Martine Postma aliandaa kikao cha kwanza cha kile kilichokuja kuitwa Repair Café, ambapo watu walileta vitu vyao vibovu na kuketi na wanaojua kuvitengeneza, bila malipo. Baadaye wazo hilo likaenea katika nchi nyingi. Kinachonivutia mimi ni kwamba mwenye kitu haondoki akakirudia jioni. Anaketi palepale, anashika bisibisi au sindano, na anaona mahali tatizo lilipokuwa. Sina maana kwamba fundi wa kulipwa anyimwe riziki yake. Ila birika ambalo fundi hawezi kulitolea nusu siku bila kupata hasara, watu wawili wenye muda wanaweza kulifungua Jumamosi moja, hata kama ni kwa ajili ya kuthibitisha tu kwamba halina maisha.

---

Mizani_Sawa alijibu:

Naomba niseme upande usiopendwa sana. Kutengeneza si wema wakati wote, na kabati lako ni ushahidi: kitu kilichohifadhiwa miaka mitatu kikisubiri kutengenezwa ni taka iliyopewa makazi. Kibaya zaidi, ulikwisha kununua mbadala wake, kwa hiyo ukitengeneza feni leo utakuwa na feni mbili. Faida ya kutengeneza hupatikana pale tu inapozuia ununuzi, na ununuzi wenyewe umekwisha kupita.

Kuhusu mpaka ulioulizia, wengi hutumia kanuni kwamba matengenezo yakizidi nusu ya bei ya kitu kipya, basi kiachwe. Mimi naiona kanuni hiyo pungufu, kwa sababu haiulizi madhara ya kitu hutokea lini katika maisha yake. Simu ni mfano mzuri: sehemu kubwa ya hewa ukaa inayotokana nayo hutolewa kabla hujaitoa kwenye boksi, katika uchimbaji wa madini na utengenezaji wa vijenzi vyake, wakati umeme unaotumika kuichaji ni kidogo mno. Kwa hiyo kuibadilisha betri simu ya miaka minne na kuitumia miaka mingine miwili ni uamuzi ulio wazi, hata kama gharama yake imepita nusu hiyo. Taa ya zamani ya waya unaong'aa iko upande wa pili kabisa. Hata ikiwa bado nzima, kila saa inayowaka inakula umeme ambao taa ya LED yenye mwanga uleule ingeupunguza kwa zaidi ya robo tatu. Kuing'ang'ania kwa jina la kubana matumizi ni kujidanganya. Friji iko katikati, na hapo sina jibu moja. Iliyochakaa mpira wa mlango nitaitengeneza bila kusita. Ile ya zamani sana inayonguruma usiku kucha, ningepima kwanza umeme wake kwa wiki moja kabla ya kuitolea senti.

Ukubwa wa jambo lenyewe hauhitaji kutiwa chumvi. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 ilieleza kwamba taka za kielektroniki zilizozalishwa duniani mwaka 2022 zilifikia tani milioni 62, na ni asilimia 22.3 tu ndizo zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu. Karibu theluthi moja ya tani hizo ni vifaa vidogo, yaani jamaa wa birika na blenda zako, ambavyo ni rahisi kuvisahau kwa sababu vinaenea kwenye mfuko mmoja.

Na swali lako uliloliita la kitoto si la kitoto. Mwaka 1924 watengenezaji wakubwa wa taa za umeme walikutana Geneva na kuunda umoja uliokuja kujulikana kama Phoebus, wakakubaliana kwamba taa ya kawaida isiwake zaidi ya saa 1,000, ingawa kabla ya hapo zilikuwepo zilizokaa muda mrefu zaidi. Aliyezidisha alitozwa faini. Hata hivyo haki itendeke kwa pande zote: taa ya aina hiyo ikitengenezwa ili idumu sana, hutoa mwanga hafifu kwa umeme uleule, hivyo hoja yao haikuwa uongo mtupu. Katika vifaa vingi vya leo sioni njama kama ile, naona uzembe. Kifaa hufungwa kwa gundi kwa sababu gundi ni haraka kiwandani kuliko skrubu nne, na hakuna aliyeketi kumfikiria atakayekifungua.

---

Skrubu_Nne alijibu:

Nimecheka kuona skrubu nne zimetajwa, maana hilo ndilo jina langu humu tangu zamani na sababu yake ni hiyohiyo.

Kabla ya kununua kitu, mimi hukigeuza nitazame kitako chake. Nikiona skrubu za kawaida, nafurahi. Nikiona skrubu zenye alama za ajabu, nauliza. Nisipoona mshono wala skrubu, nakirudisha kwenye rafu, hata kama ni kizuri. Baada ya hapo namuuliza muuzaji swali moja: kipande kinachochakaa kwanza katika kitu hiki ni kipi, na ninakipata wapi? Kwenye blenda ni ule mpira wa meno, kwenye kifaa kinachochajiwa ni betri, kwenye mashine ya kufulia ni pampu na mpira wa mlango. Muuzaji anayejua jibu ni nadra, lakini ukimpata, nunua kwake.

Yapo mahali ambapo maswali hayo yamegeuzwa kuwa sheria. Tangu Machi 2021, kanuni za Umoja wa Ulaya zinawataka watengenezaji wa mashine za kufulia wahakikishe vipuri muhimu vinapatikana kwa miaka 10 baada ya modeli husika kuacha kuingizwa sokoni, na kwa friji angalau miaka 7, tena viweze kubadilishwa kwa zana za kawaida bila kukiharibu kifaa. Ufaransa, kuanzia Januari mwaka huohuo, iliweka alama ya kati ya 0 na 10 kwenye baadhi ya vifaa, zikiwemo simu na televisheni, inayomwonyesha mnunuzi urahisi wa kukitengeneza. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo zaidi kuhusu haki ya kutengeneza. Sheria hizo hazimfikii kila mmoja wetu, lakini zinatufundisha maswali ya kuuliza: upatikanaji wa kipuri, upatikanaji wa mwongozo, na namna kinavyofunguka.

Kununua kidogo, lakini, ni kazi ngumu kuliko kutengeneza, na sidhani kama bisibisi inasaidia hapo. Mimi nilibandika karatasi ndani ya mlango wa kabati la vyombo. Kila nilipotamani kitu, nilikiandika pamoja na tarehe, na nikajizuia kukinunua mpaka siku 30 zipite. Baada ya wiki kumi karatasi ilikuwa na vitu 19. Vitano ndivyo nilivyokuwa bado navihitaji. Viwili kati ya hivyo niliazima kwa jirani, na vingine kumi na vinne, kusema kweli, nilipovisoma sikukumbuka kwa nini niliviandika. Kimoja kilikuwa chombo cha kupangia vyombo.

---

Kabati_la_Ngazi aliandika tena, siku tisa baadaye:

Nawashukuru nyote, na ninaleta taarifa.

Feni ilikuwa na bushi kavu. Nati ilifunguka upande wa kulia, kama ulivyosema, Fundi, na laiti usingenionya ningekuwa nimeivunja, kwa sababu nilikwisha kuanza kuilazimisha upande wa kushoto kabla sijakumbuka. Niliyoyatoa kwenye shafti yalijaa kiganja. Nilitia mafuta jioni, asubuhi ikazunguka kwa namba moja bila kuvuma. Mizani_Sawa, maneno yako yaliniuma lakini yana haki: sasa nina feni mbili, kwa hiyo hii ya zamani nimempa jirani ambaye alikuwa anakwenda kununua, na kwa hesabu zako nadhani hapo imezuia ununuzi mmoja.

Zipu imepona. Kiti nimekishughulikia mwenyewe: nilitenganisha kiungo kilicholegea na kukwangua gundi ya zamani mpaka mti ukaonekana, maana nilijifunza kwamba gundi mpya haishiki juu ya gundi iliyokauka. Kwa kuwa sina vibanio, nilizungushia kamba miguu yote minne na kuipotosha kwa kijiti hadi ikakaza, nikaiacha usiku na mchana. Mguu mmoja umekaa juu kidogo kuliko mingine, kosa langu la kutokukagua kwenye sakafu iliyo sawa kabla gundi haijakauka, lakini hakiyumbi tena nikikiweka kwenye zulia.

Birika nimelipeleka kunakokusanywa taka za kielektroniki, likiwa halijafunguliwa. Nilisimama nalo mlangoni kwa muda kabla ya kuliachia.

Blenda ndiyo iliyobaki. Ule mpira umeisha meno kabisa, umekuwa duara laini. Jina la modeli limefutika kwenye kitako, na vipuri ninavyoviona vinafanana vyote. Nitajuaje upi ni wake?

---

Fundi_Bisibisi alijibu:

Usitafute kwa jina, tafuta kwa vipimo. Uchomoe mpira wenyewe kwanza. Ukiishika shafti ya mota isizunguke, mara nyingi nao hufunguka kwa upande wa kinyume, kama nati ya feni. Kisha pima kipenyo chake cha nje, kipenyo cha tundu la katikati na kina chake, na utazame kama tundu hilo lina uzi wa skrubu au ni la mraba. Meno yahesabu upande wa jagi, kwa sababu ya upande wa mota umesema yamekwisha. Ukienda kununua, beba jagi pamoja na mpira wa zamani, uujaribu mpya hapohapo kabla ya kulipa.

Na lile jagi la blenda mpya usilitupe likija kupasuka. Mara nyingine yanaingiliana.